Barua ya wazi kwa wasimamizi wa anga: kabla ya kugusa 65, tazameni kiti cha kulia

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi,
Kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA).
Nakala: wamiliki na wakuu wa uendeshaji wa kampuni za ndege zenye vituo Arusha na Kiwanja cha Kimataifa cha Kilimanjaro (KIA).

YAH: UMRI WA KUSTAAFU WA MARUBANI WA NDEGE ZA ABIRIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaoandika ni marubani, wakufunzi, wapanga ratiba na watu wa usalama wa safari, wa kiwanja cha Arusha kule Kisongo na wa KIA. Siku hizi umri wa marubani unajadiliwa hadi vijiweni, na karibu kila mtu anataja namba moja, 65, kisha anauliza kama isogezwe hadi 67. Kwa Arusha namba hiyo si ya kwanza. Inayotugusa kila siku ni 60, na nyuma ya 60 kuna kiti kimoja cha ndege ndogo, cha kulia, cha rubani wa pili, ambacho hakijatazamwa vya kutosha. Tunaomba mkitazame hicho kwanza.

Sheria ya umri ina ngazi mbili na watu huzichanganya. Kiambatisho Namba 1 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, ambacho ndicho mama wa kanuni za leseni duniani, kinasema hivi kuhusu safari za biashara zinazovuka mipaka: rubani anayeruka peke yake anakoma siku anapotimiza miaka 60, penye marubani wawili au zaidi, anakoma anapotimiza 65. Ngazi hiyo ya pili ilianza Novemba 2006. Kabla ya hapo kapteni alikomea 60 hata awe ameketi na nani. Na ilipoanza, kapteni aliyevuka 60 alilazimika kupangwa na mwenzake aliye chini ya 60. Sharti hilo liliondolewa Novemba 2014. Namba 60 yenyewe ina historia yake. Wamarekani waliiweka Machi 1960, wakati jeti zinachukua nafasi ya ndege za pangaboi, wakakaa nayo hadi Desemba 2007 Bunge lao lilipopitisha 65. Haikushuka kutoka mbinguni. Lakini tofauti kati ya 60 ya aliye peke yake na 65 ya waliokaa wawili ina sababu, na sababu hiyo ndiyo kiini cha barua hii.

Safari za ndani ni juu ya kila nchi kujiamulia. Australia, Canada na New Zealand hazina ukomo wa umri ndani ya mipaka yao. Japani tangu 2015 wanaruhusu hadi mtu anapotimiza 68. Kwa kampuni ya Kisongo, hata hivyo, mgawanyo wa ndani na nje upo zaidi kwenye karatasi. Ndege ndogo ya Caravan iliyokwenda Seronera asubuhi inaweza kutakiwa kiwanja cha Wilson, Nairobi, mchana. Mpanga ratiba mwenye akili hawezi kuwa na marubani wa upande mmoja wa mpaka wa Namanga tu.

Caravan, yaani Cessna 208B, ndiyo daladala ya Serengeti. Imethibitishwa kiwandani kurushwa na rubani mmoja. Kwa hiyo rubani wake akifika 60 ana njia mbili: ashuke, au awekewe mwenzake kiti cha kulia, hapo ahesabiwe kwenye ngazi ya 65. Njia ya pili inavutia kila mtu. Mwajiri anabaki na mtu anayeijua Ndutu wakati wa masika na Lobo wakati wa upepo, na kijana wa kiti cha kulia anajenga masaa. Shida inaanzia hapo hapo, kwenye hayo masaa.

Madaktari wa anga wana hesabu wanayoiita kanuni ya asilimia moja. Lengo lake ni kwamba ajali mbaya inayotokana na rubani kuzidiwa isizidi moja katika saa bilioni moja za kuruka. Chukueni rubani ambaye uwezekano wake wa kuzimika ghafla ni asilimia 1 kwa mwaka. Mwaka una saa 8,760, tuziite 10,000. Asilimia 1 ikitawanywa kwenye saa 10,000 inakuwa mara moja katika saa milioni moja. Kisha, si kila dakika ya safari ina hatari ileile. Kupaa na kutua huhesabiwa kuwa sehemu moja ya kumi ya muda, kwa hiyo tunafika moja katika milioni kumi. Mwisho, penye rubani wa pili, inakadiriwa atashindwa kuiokoa ndege mara moja tu katika mia. Milioni kumi mara mia ni bilioni moja. Hesabu imefunga.

Mwondoeni rubani wa pili, ile mara mia inapotea yote. Ndiyo maana aliye peke yake anakatwa mapema. Kwetu hata ile sehemu moja ya kumi haisimami. Ilikadiriwa kwa mruko wa kama saa moja, kupaa mara moja na kutua mara moja. Caravan ya msimu wa juu, Julai hadi Septemba, inaweza kutua mara sita na zaidi kwa siku, mruko mmoja dakika 15, mwingine 40. Ukijumlisha dakika za kupaa na za kutua unakaribia robo ya muda wote wa angani. Kwa hiyo mara mia ya kiti cha kulia tunaihitaji kuliko hata wenye ndege kubwa za Dreamliner.

Sasa tuulize: ni nani anayeketi hapo? Leseni ya urubani wa biashara hupatikana kwa masaa 200, au 150 kwa aliyesoma kozi ya chuo kilichoidhinishwa. Kijana anatoka chuoni, anahitaji masaa 1,500 ili apate leseni ya juu ya ndege kubwa, na kiti cha kulia cha Caravan ni mahali pazuri pa kuyapata. Hatuna ugomvi naye. Wengi wetu ndio tunaowafundisha, na kazi wanaijua. Ila mara nyingi kazi anayopewa ni kupima mizigo, kufunga mlango wa nyuma, kuwasomea abiria maelezo ya usalama na kushika redio. Akishatimiza hayo sheria inamhesabu kama rubani wa pili. Hatari haimhesabu. Hatari inamhesabu siku atakapoweza, peke yake, kuichukua ndege mkononi mwa mtu mzima aliyezimika na kuirudisha chini salama.

Tuwaonyeshe ilivyo. Caravan iko fainali, yaani mstari wa mwisho wa kutua, kuingia kiwanja cha Kogatende, Serengeti, futi 500 juu ya ardhi, flapsi (vibawa vya nyuma ya mbawa) zimeshuka, kasi noti 85 (maili za baharini kwa saa), abiria tisa nyuma. Kuzimika kuna sura mbili. Ya kwanza ni ile ya sinema: mtu anaangukia usukani na pua ya ndege inainama. Hiyo inatisha lakini haina utata. Ya pili ni mbaya zaidi. Kapteni macho yako wazi, mkono uko kwenye leva ya nguvu ya injini, lakini hayupo. Kasi inashuka hadi 80, 76, 72, wala hagusi kitu. Sukari imeshuka, au ni kiharusi kidogo, au moyo umeruka mapigo. Kwa sura hii kuna kanuni ya kuita mara mbili. Wa kulia anatamka kasi, hajibiwi. Anatamka mara ya pili. Hajibiwi, au anajibiwa kisicho na maana. Hakuna mara ya tatu. Anatangaza kwamba ndege iko mikononi mwake na anashika.

Na hapo ndipo panapokwama. Kijana ana miaka 23, kapteni ana 62. Asubuhi alimwamkia shikamoo. Huyo ndiye mkufunzi wake, ndiye atakayesaini kitabu chake cha masaa, pengine ni rafiki wa baba yake. Mila zetu zote zimemfundisha kwamba mkubwa akinyamaza, mdogo husubiri. Kwa noti 72 na kushuka, kusubiri sekunde nne kunaweza kutosha kuimaliza ndege. Marubani wa nchi nyingine nao wana tatizo la daraja kati ya viti viwili. Letu linabeba na heshima ya umri juu yake, na kadiri tunavyowaruhusu wazee waendelee kuruka, ndivyo pengo la viti hivyo linavyopanuka. Kumbukeni hili mtakapoandika kanuni. Dawa yake ni mazoezi, na yaanzishwe na mzee mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya kuwasha injini kapteni amwambie kijana kwa mdomo wake: ukiniita mara mbili nisijibu, ninyang'anye.

Akishashika, hatua nazo zina mpangilio. Asijaribu kumalizia kutua. Kosa hili ni la kawaida mazoezini, kwa sababu njia ya kurukia iko mbele na inaita. Kwa futi 500, ndege ikiwa imelegezwa na mtu akiwa amelalia usukani, jibu ni kupaa tena: leva mbele bila kuvuka kikomo cha toki (nguvu ya injini ya kuzungusha pangaboi), flapsi ziende 20, kasi ishikwe 80, kisha flapsi zipandishwe kidogo kidogo ndege ikishapata kimo. Baada ya hapo otopailoti, ili mikono iwe huru. Kisha abiria wa safu ya mbele aombwe amvute kapteni mabega kwa nyuma, mkanda wake ukazwe, kiti kisukumwe nyuma kwenye reli zake ili miguu itoke kwenye pedali. Watu husahau miguu. Mguu uliokakamaa juu ya pedali unapindisha ndege kuliko mkono ulioshika usukani. Halafu tangazo la dharura, na uamuzi wa mahali pa kwenda. Kurudi kutua Kogatende kunampa mgonjwa changarawe na gari la watalii. KIA inampa njia ya kurukia ya mita 3,600, zimamoto, na barabara ya lami hadi hospitali ya KCMC, Moshi. Uamuzi huo ufanywe mezani kwa kila njia ya safari na uandikwe, usiachiwe kijana anayetetemeka.

Mnaweza kusema ndege za sasa zinajiendesha. Mei 2022 kule Florida, rubani wa Caravan alizimika na abiria asiye rubani akaitua Palm Beach akielekezwa na mwongoza ndege kwa redio. Ni kweli, na tunampongeza. Lakini alipata njia ndefu ya lami, ardhi usawa wa bahari na mwongoza ndege aliyewahi kufundisha urubani. Kiwanja cha Arusha kiko futi 4,550. Joto la kawaida la kimo hicho ni nyuzi 6. Mchana likiwa 28, tofauti ni 22, na kila nyuzi inaongeza kama futi 120. Kwa wepesi wa hewa hiyo ya joto, ndege inajiona iko zaidi ya futi 7,100. Kupaa tena kutoka kwenye kiwanja cha changarawe cha Serengeti saa nane mchana hakufanani na Palm Beach hata kidogo.

Tunachoomba, basi, ni maelezo ya kikanuni ya rubani wa pili wa kweli kwenye ndege iliyothibitishwa kwa rubani mmoja. Awe na kibali cha aina hiyo ya ndege kwenye leseni yake. Awe amesoma darasani ushirikiano wa marubani wawili, siku tatu kwa uchache. Awe amefanya zoezi la kuzimika kwa kapteni mara kumi na mkufunzi bila abiria ndani, zikiwemo tatu kwenye fainali na mbili mara tu baada ya kupaa, na mkufunzi asimwambie lini linakuja. Awe ameruka miruko 25 ya usimamizi. Kila miezi 6 apimwe na mtahini akiwa kiti cha kulia, si cha kushoto, kwa sababu macho na mikono vinazoea upande. Mwongozo wa uendeshaji wa kampuni uwe na ukurasa unaosema nani anafanya nini kwa kila hatua ya safari, na cheti cha kampuni kiseme wazi kwamba safari hizo ni za marubani wawili. Kapteni aliyevuka 60 apangwe na mtu wa aina hii tu. Siku akikosekana, kapteni huyo haruki, hata kama abiria wako mlangoni na tiketi mkononi.

Wamiliki watalia na kiti. Tunawaelewa, maana kiti cha kulia huuzwa, na watalii wanakipenda kwa picha. Lakini tufanye hesabu kabla ya kulia. Caravan yenye injini ya nguvu farasi 675 ina kikomo cha kupaa cha kilo 3,969. Tuseme tupu, pamoja na viti na sanduku la mizigo la chini, ina kilo 2,400. Rubani na begi lake kilo 85. Mafuta kilo 500. Zinabaki 984. Mtalii mmoja tumpe 85 na mzigo wake wa 15, jumla 100: wanaingia tisa na zinabaki kilo 84. Rubani wa pili ana 85. Amekosa nafasi kwa kilo moja! Kilo moja ya mafuta ya ndege ni lita moja na robo. Kwa maneno mengine, mara nyingi kinachomtoa rubani wa pili ni mazoea ya kujaza mafuta kwa kukadiria, uzito unasingiziwa. Mpanga safari anayehesabu mafuta kwa kila mruko, akaweka akiba yote ya kisheria na asiongeze ya woga, anampatia nafasi bila kumwacha abiria hata mmoja.

Kwa haki, kuna miruko ambayo hesabu inakataa. Kikomo cha kutua cha ndege hiyo ni kilo 3,856. Ukipaa Kisongo na 3,969 kwenda Manyara, dakika kama 20 hazichomi kilo 113 za mafuta. Utafika ukiwa mzito kuliko unavyoruhusiwa kutua. Kwa mruko wa namna hiyo abiria mmoja atabaki, na bei ya tiketi iseme hivyo. Ni afadhali abaki kuliko kuendelea kumwita mpima mizigo rubani wa pili.

Upande wa afya hatutakaa sana, kwa kuwa kanuni ziko wazi. Cheti cha daraja la kwanza ni cha miezi 12. Kinakuwa cha miezi 6 kwa anayebeba abiria peke yake akiwa amevuka 40, na kwa yeyote wa usafiri wa anga aliyevuka 60. Kipimo cha ECG, cha umeme wa moyo, ni kila mwaka baada ya 50. Usikivu ni kila miaka miwili baada ya 40. Mwenye miwani awe na ya pili karibu naye. Haya yanafuatwa. Tatizo ni kwamba ECG ya mtu aliyelala kitandani inaweza kutoka safi wakati mishipa ya moyo imeshaziba nusu. Kwa waliovuka 60 tunaomba kiongezwe kipimo cha moyo mtu akiwa anakimbia kwenye mashine, mara moja kwa mwaka, na sukari ya miezi mitatu iliyopita, ile ya damu inayoitwa HbA1c, badala ya sukari ya asubuhi moja ambayo mtu anaweza kuifungia siku mbili. Kipimo kikifanywa na bingwa wa KCMC Moshi au wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kipokelewe kwa uzito uleule.

Kuna jambo ambalo vipimo havilioni. Rubani anayeogopa kupoteza leseni hamwambii daktari ukweli. Ananunua dawa za presha duka la dawa la mtaani, anakunywa Piriton usiku kwa ajili ya mafua na saa kumi na mbili asubuhi yuko Kisongo na usingizi kichwani. Aliyevuka 58 ndiye anaogopa zaidi, maana akisimamishwa miezi sita harudi tena. Kampuni zikilazimishwa kuwa na bima ya kupoteza leseni kwa kila rubani, na mtu akijua kwamba akijitaja mwenyewe atalipwa wakati anatibiwa, daktari ataambiwa mengi.

Tuje kwenye tarehe, mahali ambapo makosa hutokea bila mtu kukusudia. Haki inakoma siku ya kuzaliwa yenyewe. Haikomi mwisho wa mwezi, wala siku cheti cha afya kinapoisha. Programu nyingi za ratiba husoma tarehe mbili tu, ya cheti cha afya na ya mtihani wa ndege. Rubani anatimiza 60 tarehe 9, cheti chake cha afya kinaisha tarehe 30 ya mwezi wa tatu baadaye, na programu inampangia safari ya peke yake tarehe 10 ikiwa na alama ya kijani. Hakuna aliyevunja sheria kwa makusudi, lakini ikitokea ajali hata ya tairi, bima ina pa kutokea. Dawa ni rahisi: leseni ichapwe tarehe mbili, ya 60 na ya 65, na kampuni ikaguliwe kama ratiba yake inazisoma.

Lakini tarehe ipi? Kwa Watanzania wengi wa rika linalostaafu sasa, cheti cha kuzaliwa kilipatikana ukubwani, pasipoti ina tarehe yake, kitambulisho cha NIDA kina nyingine, na kingine kinasema 1 Januari kwa sababu aliyejaza alijua mwaka tu. Mtu akikaribia 60 kisha akaja na kiapo cha mahakama cha kupunguza miaka miwili, afisa wa leseni afanyeje? Tunaomba tarehe iliyoandikwa kwenye leseni ya kwanza ya mwanafunzi rubani ifungwe, na mabadiliko baada ya hapo yasiguse haki za umri. Ni kali, tunajua, ila inamlinda afisa dhidi ya shinikizo na inamlinda rubani mkweli dhidi ya mwenzake mwenye wakili.

Kuhusu 67. Shirikisho la mashirika ya ndege, IATA, lilipeleka pendekezo hilo kwenye mkutano mkuu wa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, mjini Montreal mwaka 2025, kwa marubani wawili na mmoja wao awe chini ya 65, halikupita. Bunge la Marekani nalo lilikaribia, kisha sheria yao ya Mei 2024 ikatoka bila kuigusa 65. Kuna watakaowashauri Tanzania itangulie kwa safari za ndani. Msikubali kwa sasa, na sababu yetu si kwamba mtu wa 66 hafai. Ni ya utekelezaji. Kwa Kifungu cha 39 cha Mkataba wa Chicago, rubani asiyetimiza masharti ya kimataifa leseni yake inaandikwa upungufu huo, na kwa Kifungu cha 40 haruki kwenye nchi nyingine bila ruhusa ya nchi hiyo. Sasa chukueni ndege ya marubani wawili kutoka Dar es Salaam kuja KIA, mawingu yameshuka Kilimanjaro yote. Kiwanja mbadala kikubwa kilicho karibu zaidi ni Nairobi. Mombasa nayo iko karibu. Kapteni wa 66 safari yake ni ya ndani kabisa, lakini mbadala wake uko Kenya. Mpanga safari atalazimika kuandika mbadala wa mbali, kuongeza mafuta, na kuacha mizigo, kila siku ya mawingu, kwa ajili ya umri wa mtu mmoja. Kama ni kusogea, tusogee pamoja na jirani zetu wa Afrika Mashariki kupitia wakala wetu wa usalama wa anga, CASSOA, pale Entebbe, ili leseni ya Arusha isomeke vilevile Nairobi na Kigali.

Basi aliyefika 60 na kampuni haina rubani wa pili wa kweli, aende wapi? Watu husahau kwamba ukomo huu ni wa usafiri wa biashara. Kufundisha haumzuii. Kuhamisha ndege tupu kwenda matengenezo haumzuii. Kutahini wengine, kukagua viwanja vya changarawe baada ya mvua, kuandika mwongozo wa kila kiwanja, kuongoza idara ya usalama: yote hayo anaweza akiwa na afya. Tatizo ni kwamba kampuni humkumbuka wiki mbili kabla ya keki. Kibali cha ukufunzi huchukua miezi, cha utahini zaidi. Tunaomba kampuni iwajibike kumpa rubani barua miezi 24 kabla ya siku yake, ikisema atakwenda wapi, na mwenye kutaka ukufunzi aanze akiwa na 58. Mfuko wa hifadhi ya jamii nao unamtambua 60 kuwa ndio mwisho wa lazima. Wengi hupokea barua mbili kwa siku moja na wanaondoka na kila walichokijua. Wakati huohuo vijana wa kiti cha kulia wanatafuta mtu wa kuwafundisha kunyang'anya usukani.

Tuko tayari kuwaonyesha kwa vitendo. Tupeni Caravan moja iliyoegeshwa Kisongo, injini imezimwa, mkaguzi wenu akae safu ya mbele nyuma ya kapteni, na kijana ambaye hajafanya zoezi hili akae kulia. Tutampa kapteni ishara anyamaze. Mkaguzi ashike saa na kuhesabu sekunde hadi mkono wa kijana ufike kwenye usukani. Kisha alete kijana aliyefanya zoezi mara kumi, ahesabu tena. Inachukua dakika 20, na haihitaji mafuta.

Tunaomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Marubani, wakufunzi, wapanga ratiba na watu wa usalama wa safari,
Kisongo na KIA